Aliyemsuka Maryori

Nubia Chitiva alikuwa mkata waridi mwenzangu kwenye mashamba ya maua ya mji wa Facatativá. Mume alikwishamkimbia, mama yake yuko mbali huko mkoani Boyacá, na bintiye Maryori alikuwa na miaka mitatu tu. Kila asubuhi alimwachia uji na kipande cha arepa, ule mkate wa mahindi, akafunga chumba kwa kufuli, akaja kazini. Wengi wetu tulifanya hivyo hivyo, ila hatukulisema.

Jioni moja alirudi akamkuta mtoto amesukwa. Mistari myembamba, iliyonyooka, ncha zimefungwa kwa uzi mweusi. Kufuli lilikuwa vilevile alivyoliacha, na kidirisha hakipitishi hata paka.

"Nani kakusuka, mwanangu?"

"Bibi."

"Bibi gani?"

"Si huyu anayekaa na mimi! Mikono yake ya baridi."

Nubia alimfumua nywele zote. Kesho yake akamkuta kasukwa tena.

Siku iliyofuata alikuja shambani na mtoto mgongoni. Msimamizi akamfokea: "We Nubia, una wazimu? Hapa tunapulizia dawa! Mrudishe nyumbani!"

"Simrudishi. Kule ana mlezi nisiyemjua."

Tulicheka, mpaka alipotueleza. Mwenzetu Rosalba akashusha mkasi wake. "Hata mwanangu humtaja bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani anaota."

Hakuna aliyekata ua tena. Ilikuwa Februari, Siku ya Wapendanao imekaribia, ndege zinasubiri mzigo, na tajiri wetu, Don Evelio, akaja mbio.

"Mnataka nini, kina mama?"

"Mahali pa watoto," Nubia akamjibu. "Na mlezi tunayemwona kwa macho."

"Ushirikina huo!"

"Sawa, bosi. Basi kata waridi wewe."

Alikubali huku akisonya. Alitoa nyumba iliyokuwa ghala na mishahara ya walezi wawili, serikali ikaleta chakula, nasi tukachangia kidogo kidogo.

Siku ya kufungua, Maryori alilia mlangoni. Nubia akachuchumaa. "Usiogope, mama. Hapa una wenzako wa kucheza nao."

"Na bibi je? Sasa atakaa na nani?"

Nubia alimshika mkono akamwingiza ndani. Jumamosi ya wiki hiyohiyo alihama chumba.

Chumba kile sasa kimepangwa na msichana mgeni, mkata maua kama sisi, mwenye mtoto mchanga. Jana tulikwenda kumwambia kituo kina nafasi.

"Karibuni ndani, dada zangu," alituambia.

Tulikuwa watatu, mchana kweupe. Tulimpa habari tukiwa tumesimama nje.