Namsaka aliyemshauri mamangu amwoshe paka kwa dawa ya ng'ombe

Wakuu, asalaam aleikum, na wasioitikia hiyo, habari za mchana. Haya ni ya kweli tupu na mengi yananiaibisha. Chekeni, lakini msome mpaka chini.

Mimi niko Ukunda, fundi wa AC hotelini. Mamangu yuko Msambweni. Tangu marehemu baba atangulie mbele ya haki, mama anaishi na paka wake, Waziri. Jina alimpa baba, kwa sababu anakula vizuri, analala mchana kutwa na hakuna kazi anayoifanya. Panya wanampita wakienda zao.

Nikipiga simu, mama ananiuliza hali mara moja, halafu naelezwa Waziri amekula nini. Nimeshazoea kuwa mtoto wa pili. Ndiye anayelala miguuni pake, na mimi niko mbali.

Basi Jumamosi asubuhi akanipigia yeye. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwanangu, Waziri anatetemeka. Mate yanamtoka, miguu haimbebi."

Nikamuuliza amekula nini. Akasema hajala kitu, amemwosha tu kwa ajili ya viroboto. Amwoshe kwa kitu gani? Kwa dawa ya kupe ya ng'ombe wa jirani, kifuniko kimoja kwenye beseni la maji.

Nikaingia mtandaoni mbio. Mmoja anasema mpe maziwa. Mwingine, mafuta ya nazi. Wa tatu, mwenye picha ya koti jeupe, anauza dawa ya kutibu paka, kisukari na nguvu za kiume. Chupa ni hiyo hiyo moja.

Nikaacha upuzi, nikampigia daktari wa mifugo, dada mmoja ambaye huja kutibu paka wa hotelini kwetu. Kabla ya kunijibu lolote akauliza: dawa gani, ameoshwa saa ngapi, paka ni mkubwa kiasi gani. Halafu akasema:

"Mama amsuuze kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, amkaushe, amfunike apate joto. Asimpe kitu mdomoni. Na aje naye sasa hivi. Chupa imeandikwa ng'ombe, kaka. Paka hakutajwa."

Mama akakodi tuktuk mpaka Ukunda, Waziri ndani ya kikapu, amefungwa kwa leso ya kujitanda. Nilipofika kwa daktari nikamkuta Waziri ametundikiwa dripu, mama anamsomea dua. Nilitaka kucheka. Nikaona machozi yake, nikaketi kando yake.

"Huyu akifa," akaniambia, "ile nyumba nitakaa na nani?"

Hasira zikanipanda. Nikamuuliza ni nani aliyemdanganya. Akanipa simu yake. Ujumbe uko kwenye group la WhatsApp la kina mama wa mtaani, umeshapita mikono mingi. Nikaanza kuusoma huku namwandalia mwandishi matusi ya herufi kubwa.

"Kiroboto ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe ni dawa ya kupe: kifuniko kimoja, beseni moja, wanahama wenyewe. Nimejaribu, nimeona."

Wakuu, hayo maneno ni yangu.

Niliyaandika humu humu jukwaani, kwenye uzi wa mtu aliyeuliza kuhusu viroboto. Sijawahi kufuga paka. Sikujaribu, sikuona. Nilikuwa nasubiri vipuri, nimeboeka, nikataka likes, nikazipata. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Changu alitumbukia mama.

Nikamuuliza kwa nini aliamini.

"Imeandikwa vizuri, mwanangu. Tena huyo mtu anachekesha kama wewe."

Nilikiri jioni, Waziri alipoanza kusimama. Mama akanitazama weee, mpaka nikainamisha kichwa. Nikasema, nisamehe mama.

"Si mimi," akasema. "Yeye."

Mbele ya daktari nikamwomba paka radhi. Akanigeuzia mgongo.

Waziri amepona, amerudi kwenye kazi yake ya kutofanya kazi. Mimi nimejifunza kwamba jibu tamu halina uhusiano na ukweli. Daktari alianza na maswali. Mimi nilikuwa na jibu tu, na mzaha. Siku hizi nikisoma ushauri nauliza kwanza: huyu amejuaje, na anauza nini? Halafu nasoma chupa.

Jana nimerudi kwenye uzi ule kuweka onyo. Kama ulimwosha paka wako kwa maneno yangu, nitukane hapa chini, nastahili.

Lakini yule mkuu aliyeuliza swali, nimeona ulinijibu siku ile ile: "Asante sana kaka, naenda kumwosha sasa hivi." Hujaandika tena humu tangu hapo. Kama bado upo, tafadhali, niambie paka wako aliendeleaje.