Mwalimu Mmoja wa Kemia

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya mke wangu ilikuwa kuwauliza walimu kwa nini wanaondoka. Kila mwaka, muhula wa kwanza, alizunguka shule za serikali na mkoba uliojaa madodoso, akagawa, akakusanya, akarudi ofisi ya elimu kuyaingiza kwenye kompyuta. Kazini walimwita Bi Dodoso. Nami sikumwacha salama. Akinitengea chakula na kuniuliza kikoje, nilimjibu, "Naridhika kiasi," naye akanitupia kitambaa cha mezani.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, kwa hiyo kinachosemwa nyumbani hakinipiti.

Nisiwafiche, kazi yake nilikuwa siithamini. Ripoti zilichapwa, zikafungwa vizuri, zikapangwa kabatini, na walimu wakaendelea kuondoka. Siku moja nilimwambia kazi yake ni kuhesabu migongo ya watu wanaokwenda zao. Hakucheka. Alisema tatizo ni kwamba shule hazirudishiwi majibu, na mkuu wa shule hawezi kurekebisha asichokijua. Kwa miaka minane aliwapigia kelele wakubwa wake kwamba kila shule ipelekewe ukurasa wake, wenye majibu ya walimu wake wenyewe. Mwisho wakamkubalia. Siku hiyo alirudi nyumbani kifua mbele, akanisimulia jambo hilo hilo mara tatu.

Mwaka huo huo binti yetu, kitinda mimba, alikuwa anamaliza sekondari. Alitaka uuguzi, na uuguzi hauendi bila kemia. Shule yao nzima ilikuwa na mwalimu mmoja wa kemia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sauti imemkwaruza kwa kufundisha madarasa yaliyofurika. Koti lake jeupe la maabara nililishona mimi. Kabla ya huyo mwalimu, binti alikuwa anapata alama za kuonewa huruma. Miaka miwili mikononi mwake, akawa anasoma maandishi ya pakiti za sabuni na kutueleza kilichomo ndani, tupende tusipende. Mwalimu huyo akiondoka kabla ya mtihani, mtoto wetu kaisha. Hilo hatukuhitaji kuambiana.

Jumamosi moja mchana mwalimu alikuja kupimwa koti la pili, la kwanza lilikuwa limetobolewa na tindikali ya majaribio anayofanyia darasani. Mke wangu akaona ndiyo nafasi, akamtolea dodoso.

"Dada, mimi huwa naandika naridhika, napita zangu," mwalimu alisema.

"Ndiyo maana hakuna kinachobadilika, mdogo wangu. Jina huandiki. Toa ya moyoni."

"Na Mkuu?"

"Mkuu ataonea wapi kwamba ni wewe? Nayapokea mimi, nayaingiza mimi."

Mwalimu akanigeukia. "Shemeji, wewe unasemaje?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa tu. Leo natamani ningeimeza ile pini.

Alikaa kwenye meza yangu ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa, akaandika karibu saa nzima. Aliweka alama kwamba anakusudia kuondoka, na sababu ni uongozi wa shule. Nafasi ya chini akaijaza yote. Aliandika kwamba maabara imegeuzwa stoo ya madawati mabovu na ufunguo anao Mkuu. Aliandika kwamba hugombezwa mbele ya wanafunzi kwenye mkusanyiko wa asubuhi kama mtoto aliyejikojolea. Akamalizia kwamba anaipenda kazi yake, na maabara ikifunguliwa, na yeye akiheshimiwa, atabaki hapo mpaka astaafu. Kisha akalikunja.

"Afadhali nimepumua," alisema.

Mke wangu akaanza kuandaa zile kurasa. Aligawa majibu kwa somo, kwa jinsia na kwa miaka ya kazi, ili Mkuu akiona ni walimu wa aina gani wanaumia, ajue pa kuanzia. Chini akanakili maoni neno kwa neno, asije mtu akasema amewatia walimu maneno mdomoni. Alihakiki hesabu mara tatu, na hesabu zilikuwa sawa. Aliniletea ukurasa wa shule ya binti yetu niutazame, nami nikausifia mistari yake iliyonyooka. Hisabati walikuwa watano, lugha tisa. Kuna mstari ulisema: kemia, mwanamke, miaka sita hadi kumi, mmoja. Tuliuona wote wawili, na hakuna aliyeshtuka.

Mkuu alishtuka. Kwenye kikao cha walimu aliusoma ule ukurasa kwa sauti, maoni na yote, kisha akasema yeye hamtaji mtu jina, ila anaomba kusaidiwa hesabu, walimu wa kike wa kemia hapa wako wangapi? Watu wakacheka. Nasikia hata waliompenda mwalimu huyo walicheka, maana aliyenyamaza angeonekana. Tangu siku hiyo Mkuu akamkalia kooni. Kila asubuhi, mbele ya wanafunzi, alimwita "mwenzetu wa safari". Wiki ya tatu mwalimu akaandika barua ya kuacha kazi.

Alipita kwetu kuaga. Mke wangu alimshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sikuona. Wallahi sikuona."

"Sikulaumu, dada," mwalimu alisema. "Ila uliniambia hataonea popote."

Kuhusu koti, aliniambia nimpe mwalimu atakayekuja. Hakuja yeyote. Linaning'inia ukutani nyuma ya cherehani, halijatiwa vifungo, na kila mteja anayeuliza ni la nani namjibu vibaya.

Mke wangu alikwenda kwa bosi wake kukiri kosa. Bosi akamwambia asijitese, utafiti una changamoto zake. Halafu akampongeza: wakuu wa shule wameupenda sana ule ukurasa, na mwakani utaendelea. Alinisimulia akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani, na nilipomwambia akae, alisema hajui akae wapi.

Binti alihangaika na madaftari ya kuazima kutoka shule nyingine. Alinakili kurasa nyingi asizozielewa. Mtihani ukaja, kemia ikamwangusha. Sasa anakaa nami barazani, anashona vifungo, na mkono wake ni mwepesi, jambo linaloniuma kuliko angekuwa mzito. Hatujamwambia. Siku moja aliniuliza bila kuinua macho, "Baba, hivi mwalimu alituchoka?" Nikasema, "Sijui, mwanangu." Mama yake alikuwa karibu anakunja nguo. Aliziacha, akaingia ndani, na hakutoka mpaka jioni.

Mwaka uliofuata madodoso yakarudi. Siku hiyo umeme ulikatika ofisini, akaja kuyapanga kwenye meza yangu. Ya shule ile yalikuwa thelathini na mawili, na yote thelathini na mawili yalisema naridhika sana. Hakuna aliyeandika hata neno kwenye nafasi ya chini. Shule hiyo iliongoza kwa kuridhisha walimu wake, na Mkuu akaalikwa kwenye semina akawafundishe wenzake namna ya kuwafanya walimu wabaki.

Kulikuwa na fomu moja zaidi, ya walimu walioondoka. Walioondoka hawapo wa kuulizwa, kwa hiyo utaratibu ni Mkuu kuwajazia. Mbele ya mwalimu wa kemia alikuwa ameandika sababu za kifamilia. Kazi ya mke wangu ilikuwa kuandika pembeni namba ya sababu hiyo, ndiyo iingie kwenye kompyuta. Sababu za kifamilia ni saba. Uongozi wa shule ni tatu.

Nilimwona ameishika kalamu, haandiki.

"Weka tatu!" nilifoka. "Si unaujua ukweli? Uandike basi!"

Binti alisimamisha sindano, akatutazama kwa zamu.

"Ukweli niliuandika mwaka jana, baba watoto," mke wangu alisema.

Akaandika saba, akavuta fomu ya shule inayofuata.