Jozi Nne za Raili

Raili Kumpulainen amechora njia za shaba kwenye bodi za saketi kwa miaka thelathini na minne, hapa hapa mjini Oulu, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi. Alianza zama za kubandika utepe mweusi kwenye plastiki kwa wembe na lenzi, na mgongo wake bado una umbo la meza ile. Si msemaji. Nilipofika hapa kama mpimaji wa bodi zilitimia siku tatu kabla hajanisemesha, na alichosema ni kwamba nimekalia miwani yake.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imefika madirishani, Ahti alimwita. Ahti ndiye mwenye kampuni, na saketi anazibuni yeye. Alimwambia Raili kwamba uchoraji utapelekwa kwa kampuni ya nje, isipokuwa kama bodi mpya, ya kisanduku cha zizi la ng'ombe, itafanya kazi mara ya kwanza. Isipofanya, Raili aende nyumbani, miaka mitatu kabla ya pensheni. Aliyasema hayo akiwa anakitazama kikombe chake cha kahawa. Si mtu mbaya, Ahti. Ni mwoga tu wa macho ya watu.

Kisanduku chenyewe kinakusanya habari za mashine za kukamulia ng'ombe na kuzituma kwa waya wa mtandao, na waya huo una jozi nne za nyaya ndani yake. Kwenye chipu jozi zinatoka moja, mbili, tatu, nne. Kwenye soketi, pale waya unapochomekwa, kwa jinsi ilivyokaa, zinasubiriwa nne, tatu, mbili, moja. Ili kila moja ifike kwake lazima zipishane, kama watu wanne wanaobadilishana viti ndani ya gari dogo. Utoboe matundu, zishuke tabaka la chini, zipande tena, na kila tundu linachafua mawimbi yanayobeba habari. Programu ya kompyuta inayochora njia yenyewe, ambayo Ahti alikuwa anaisifia kama mkwe mpya, ilitoa kitu kama tambi zilizomwagika.

Raili akasoma kitabu cha chipu chote, kurasa mia mbili na kitu. Nadhani ni yeye peke yake nchini aliyekimaliza. Akakuta chipu inakubali kuambiwa isome jozi kinyumenyume. Basi akazipitisha zote nne moja kwa moja, bila tundu hata moja. Nilimwambia zimekaa kama nywele zilizochanwa za kwendea kanisani. Akaniambia niende nikapime kitu. Kwa Raili, hilo ni busu.

Pembeni ya mchoro akaandika: jozi zimegeuzwa, chipu iambiwe. Hakuandika nani aiambie.

Bodi zilirudi kutoka kiwandani Alhamisi, na Jumatatu kampuni ya nje ilikuwa ije kusaini mkataba. Tukachomeka waya. Taa ya soketi ikabaki nyeusi. Ahti akaenda kumimina kahawa wakati kikombe chake kimejaa. Sampsa, anayeandika programu ya bodi, akaanza kukagua viatu vyake. Raili alikaa tu, mikono mapajani.

Mimi, kwa ukaidi, nikawa nazima na kuwasha.

"Inanikonyeza," nikasema. "Ukiwasha tu inawaka sekunde mbili tatu, halafu inakufa. Kuna msichana wa mji wa Kemi alikuwa ananifanyia hivi hivi."

Raili akavua miwani.

"Inakufa programu ya Sampsa ikiwa bado imelala, au ikishaamka?"

"Ikishaamka."

Akamgeukia Sampsa. "Umezifanya nini jozi?"

Sampsa akawa mwekundu hadi shingoni. Aliyaona yale maandishi, akaona bora alimalize jambo hilo mwenyewe asimsumbue mtu. Programu yake ikiamka tu, inageuza mpangilio ilioukuta.

Ahti akakohoa. Naye aliyaona. Kwenye bodi kulikuwa na nafasi iliyoachwa wazi ya rizista, kijipande kidogo cha kuiambia chipu igeuze tangu inapowashwa, na alipotuma orodha ya vipande kiwandani akaijaza. Kimya kimya.

"Kwa hiyo wewe umegeuza, yeye karudisha," nikasema. "Na mnakaa mita nne, nyie."

"Sikutaka kumkatiza Raili," Ahti akasema.

"Mngenitoa kazini kwa adabu zenu," Raili akamjibu, taratibu, kama anayesoma kipimo.

Sampsa akafuta mstari mmoja wa programu. Taa ikawaka kijani, ikakaa. Tulipitisha data saa nzima, haikupotea hata chembe. Ahti akatoka koridoni na simu. Kupitia mlangoni tulimsikia akiivunja ile biashara ya Jumatatu kwa maneno yasiyozidi sita. Akarudi, akamwambia Raili kazi inabaki humu ndani.

Raili akaitikia kwa kichwa, kisha akamwambia avute kiti akae hapa, kuna bodi nyingine inaanza, na safari hii kama ana neno aliseme.

Ahti akakaa. Akaugeuza mchoro huku, akaugeuza kule.

"Je, kama soketi ingekaa kushoto?" akauliza hatimaye.

"Hapana," akasema Raili, na wakabishana hadi chakula cha mchana.