Jina Nililoliweka Kwenye Pambio

Naikumbuka Jumapili moja kwa aibu, mwanangu. Jana ulinijia umefura kwa hasira, ukasema chama chetu kinatuona sisi walokole wa Garissa kama watu wake wa bure, tutakipigia kura hata kikitutupa. Basi kaa, chai ipo, nikusimulie.

Nilikuwa na umri kama wako, kiongozi wa kwaya katika kanisa letu dogo la mabati katika mtaa wa Iftin. Na nilivyojiona! Waumini tulikuwa wachache: walimu, wauguzi, mafundi, wengi tumetoka Ukambani na Magharibi. Kila uchaguzi, chama kilekile kilikuja, kikapewa madhabahu, mgombea wake akawekewa mikono na kuombewa, na kura zetu zote zikaenda kwake. Sisi tuliomba kitu kimoja tu, mahali pa kuzikia wafu wetu. Hatukuwa napo. Aliyefariki alisafirishwa kwao, awe ana kwao au hana.

Asiyekuwa na kwao alikuwa Mzee Nzuki. Huyo alifunga vidonda vya watu pale hospitali mpaka nywele zikawa nyeupe, na sasa alikuwa kitandani, mgonjwa sana. Shamba lao la Mwingi, huko Ukambani, nduguze walikwisha kuliuza zamani. Alitaka azikwe Garissa, alikoishi. Mkewe, Mama Kalunda, aliuza maharagwe na chapati karibu na soko la mifugo, na wachuuzi wa mbuzi walimwita Eedo, yaani shangazi kwa Kisomali. Kanisani yeye ndiye aliyepiga ngoma. Wanaume kadhaa walijaribu kumpokonya ngoma ile, wakashindwa.

Basi Jumapili hiyo mheshimiwa, mgombea wa chama chetu, alikuwa anakuja. Mimi na akili zangu nikachukua pambio la kumsifu Mungu, na pale tulipoimba "Bwana" nikaweka jina lake. Ndiyo, mwanangu, usinikodolee macho. Mcheza kwao hutunzwa, nikajiambia, na mimi nilitaka kutunzwa.

Tuliimba ubeti mmoja. Tulipofika kwenye lile jina, ngoma ikanyamaza. Sauti zetu zikabaki uchi, zikafifia moja moja. Mama Kalunda akasimama, mikono juu ya ngozi ya ngoma.

"Mheshimiwa, karibu," akasema. "Mume wangu ni mgonjwa. Mara tatu mmetuahidi mahali pa kuzikia. Ni wapi?"

Mheshimiwa akacheka, tena kwa upole. "Mama, nyinyi ni watu wa nyumbani. Mna haraka gani?"

"Mtu wa nyumbani huulizwa kama amekula," akajibu, akaketi.

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Baada ya ibada nikamkimbilia mheshimiwa garini kumwomba radhi. Msaidizi wake akanipigapiga begani, akaniambia, "Usijali, kijana. Hawa wataenda wapi?"

Maneno yale yaliniingia kama mwiba. Hakusema "nyinyi." Alisema "hawa," kana kwamba mimi nilikuwa mchungaji na wale walikuwa mbuzi niliowaleta mnadani.

Nikaenda kwa Mama Kalunda kumwomba msamaha. Nilimkuta akimgeuza mzee kitandani. Hakupaza sauti. "Uliimba jina la mtu mahali pa Mungu, hilo utatubu kwake mwenyewe," alisema. "Lakini kura yangu umeitoa bila kuniuliza, na hilo nakudai mimi. Ibrahimu alipofiwa na Sara alikuwa mgeni katika nchi. Hakuimbia mtu. Alisimama mbele ya wenyeji, akasema anataka mahali pa kumzika mkewe."

Jirani yake Mzee Hirsi, dalali wa ng'ombe, alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Akatikisa kichwa. "Wallahi, Nabii Ibrahim alifanya hivyo. Na sisi Wasomali wanasiasa wanatufanya kama nyinyi, Eedo. Wanahesabu ukoo kama ng'ombe ndani ya boma."

Mama huyo, ambaye hakumaliza hata darasa la nne, akatufundisha siasa. Tukawaalika wagombea wote, wa kila chama, Jumamosi mchana, waketi kwenye benchi nje ya kanisa. Madhabahu hakuna, wimbo hakuna. Swali moja kwa kila mgombea, tutazika wapi, na jibu linaandikwa mbele yake. Wazee wengine wa kanisa walituita wasaliti. Wawili walikuja. Wiki iliyofuata yule wetu naye akaja, bila kucheka. Kura kila mtu alipiga kwa dhamiri yake, na Mama Kalunda hakumwambia mtu yake ilikwenda wapi.

Bandubandu huisha gogo. Kila Jumatatu, yeye na Mzee Hirsi waliketi ofisini kwa mshindi na ile karatasi ya majibu. Ardhi ilipatikana, mwanangu. Lakini Mzee Nzuki alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Tulimzika Mwingi, kando ya shamba lisilo lake, na mtu mmoja wa pale akaniuliza marehemu anaitwa nani. Nililia siku ile, nisikufiche. Miaka yote ile nilikuwa naimba, na ningeweza kuuliza.

Jumatatu iliyofuata mazishi, Mama Kalunda alikuwa ofisini. Nikamwambia, "Mama, si upumzike, mzee ameshazikwa." Akasema, "Wangu ameshazikwa. Wako bado." Naye alipofariki, aliomba apelekwe Mwingi alale karibu na mumewe. Uwanja alioupigania hakuutumia. Sijaona mtu mkubwa kuliko yeye.

Kwa hiyo usikihame chama kwa hasira, wala usikae kwa mazoea. Mwombee kila kiongozi, lakini usimpe madhabahu. Kura yako usimpe mtu mwingine akutolee, na ya mwenzako usiitoe. Sema unachotaka, mapema, mbele ya watu, ungali na mgonjwa wa kuponya na si maiti ya kusafirisha. Wakikuuliza utaenda wapi, waambie huendi popote. Unauliza tu.

Mungu akupe kinywa kisichouzwa na goti lisilopigwa mbele ya mtu. Akupe majirani wa kuketi nawe Jumatatu. Na siku zako zikiisha, uzikwe na watu wanaolijua jina lako.