Kidole cha Mwindaji

Mwindaji huyu wa Walikale hana pupa. Kengele ya mti ya mbwa wake huijaza majani kwa kidole gumba, polepole, isije ikalia kabla hawajafika mawindoni. Binti yake Solange anakijua kidole hicho: kikitulia, mzee ameamua. Leo Solange amekuja kupanga Noeli ya pamoja, nyumbani kwake Masisi: pikipiki mbili, moja ya Mama, moja ya Papa.

"Na mbwa?" anauliza mzee, kidole kikisukuma majani ndani ya kengele, kwa sauti ile ya chini, ya kutoshtua wanyama. "Utaipakata, Papa." "Kwenu italala wapi?" "Inje. Mu nyumba iko batoto." "Masisi iko baridi." "Ile iko mbwa, Papa!" Kidole kinatulia. "Basi, utuwekee bulangeti mbili inje."