Gogo Lililochoka

Nyumba yetu kule Matombo ilikuwa na magunia mahali pa milango, ingawa gogo la kupasua mbao za milango hiyo lilikuwa limelala mteremkoni, tukiliona kila siku.

Juzi, Morogoro mjini, niliona vijana wakibiringisha magogo kwa mitaimbo, na harufu ya mti mbichi ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Baba na rafiki yake Saidi walichomeka mitaimbo chini ya gogo, wakakandamiza kwa pamoja, nalo likabiringika kidogo, likivunja majani makavu.

"Kandamiza, Saidi! Unalibembeleza kama mchumba!" baba alisema, wakacheka.

Kisha akaja mjomba, kaka yake mama. Aliligusa gogo, akasema kwa upole, "Shemeji, gogo hili limechoka. Liacheni lipumzike."

Baba akaweka mtaimbo chini. Mimi nikakata majani ya mgomba, nikalifunika gogo lisipigwe na jua.

Leo najua kwamba mti ule ulikuwa wa ukoo wa mama, na baba aliukata bila kumwomba ruhusa mjomba, msimamizi wa mali ya ukoo huo.

Baba na mjomba wote wameshafariki. Gogo bado liko pale, limeota uyoga, na hakuna aliyewahi kusema lipumzike mpaka lini.