Bahari Ndani ya Chungu cha Malwa

Nikinusa malwa, pombe ya wimbi, ikimiminiwa maji moto, mimi mwenye malori matatu, niliyeacha shule darasa la pili, narudi kimawazo uani kwa bibi, Tororo, Uganda.

Mchumba wa shangazi, kibarua wa Mombasa, alikuja kuposa, akasema bahari huondoka na kurudi kila siku. Bibi akasimamisha posa. "Mwongo hapewi binti hapa!"

Mchumba akainua mrija wake wa kunywea chunguni. "Mama, ukivuta, pombe inakupandia. Mwezi nao unavuta maji ya bahari hivyo. Jua ni kubwa ila liko mbali, linavuta kidogo. Vikivuta pamoja, maji yanafurika."

Bibi akavuta. Akavuta tena, chungu kikapungua.

"Kumbe mwezi ni mnywaji mwenzetu! Kijana alete ng'ombe wa mahari."

Shangazi akajipigia vigelegele mwenyewe.